Nafasi ya Nathanaël Ndani ya Kabati

Isidore seremala alifika kwetu Bagira akinuka mbao mpya, na uso wa mutu aliyealikwa ndoa.

— Koko Monique, akaniambia, tangu Noeli sijatia bawaba kwa kitu. Sanduku za wafu, sanduku, sanduku. Vitu vya kufungwa mara moja tu. Leo natengeneza kitu cha kufunguliwa!

— Basi tengeneza vizuri, nikamujibu. Nikikufa munizike ndani yake. Na milango miwili, nikisikia joto nitafungua.

Alicheka. Mukwe wangu Godelive hakucheka. Ilikuwa mwaka 2000, nchi imekatwa katikati kama mukate, na bwana yake Placide, mutoto wangu mimi, alibaki upande wa Kinshasa tangu vita ya pili ianze. Mbao ni yeye alizinunua, zile nzuri za libuyu, zikalala chini ya kitanda miaka yote. Nguo zetu zilikuwa kwenye misumari ya kulwari, kale kanjia ka kutoka salon kwenda vyumbani. Siku panya walikula mukono wa nguo ya shule ya Aurore, mujukuu wangu wa kike, Godelive akasema: imetosha, kabati itengenezwe.

Isidore akachora na makaa juu ya ukuta wa kulwari, ukubwa wenyewe. Godelive alikuwa anamuonyesha na kidole. Kushoto, pahali parefu pa makoti ya Placide. Kando yake, nguo zake mwenyewe. Katikati, droo ya Aurore, yenye ufunguo, sababu ameanza kuwa na siri. Mimi niliomba chini kabisa, pamoja na viatu.

— Nizoee udongo polepole, nikasema.

— Maman, acha.

Kisha akaweka kiganja mwisho wa ukuta, upande wa kulia.

— Na hapa, Nathanaël.

Isidore akanitazama. Mimi nikatazama makaa. Nathanaël, mutoto wa kwanza wa Godelive, mujukuu wangu, alibebwa na waasi mwezi wa kumi na moja 1996, akitoka masomo, na miaka yake kumi na tatu. Walimufanya kadogo, askari mutoto, wakaenda naye kwa miguu upande wa Kisangani. Tangu pale, hata salamu.

— Chuma ya kutundikia, niiweke juu kiasi gani? Isidore akauliza na sauti ndogo. Kijana iko na urefu gani sasa?

Godelive akapandisha kiganja juu ya ukuta, akakishusha tena.

— Sijui, akasema.

Nimesikia mambo mengi katika hii vita. Lile sikutaka lirudiwe. Nikasimama haraka, magoti yakilia.

— Baba yake, akiwa na miaka kumi na saba kama yeye sasa, alikuwa anagonga kichwa kwa mlango wa jikoni kila asubuhi. Ndiyo maana hesabu zilimushinda. Tupime mlango!

Nikashika kamba, Isidore akaivuta toka juu ya mlango mpaka chini. Godelive mwenyewe akafunga fundo. Metre moja na sabini na mbili. Akaisimamisha kamba kando ya kichwa chake.

— Basi amenipita, akasema. Na akatabasamu.

Isidore akabeba mbao na kamba. Mimi, kwa kuwa najua maseremala, nikamufuata mpaka barabarani.

— Andika jina na chaki juu ya mbao. Usije ukatuletea eucalyptus ya mutu mwingine.

Akaandika. Nikarudi nyumbani nikifurahia akili yangu.

Kumbe kazi yake Isidore anaifanyia kando ya barabara, pale watu wote wanashukia. Mbao zilisimama nje, zikiegemea ukuta: NATHANAËL 1m72. Na Bagira nzima inajua Isidore anaandika jina na urefu kwa kazi gani.

Kesho yake, saa nane za mchana, Maman Jeanine, jirani yetu na mukubwa wa wamama wa kanisa, akaingia na wenzake kumi na wawili, vitambaa vimefungwa kiunoni, kuni kichwani. Hawakugonga. Walitoa viti vya salon nje, wakatandika mikeka, wakawasha moto uani, wakaanza kulia.

— Munalilia nani? nikauliza.

— Pole, Koko. Kaa chini. Tumeona mbao za Nathanaël.

— Ni kabati! nikapiga kelele. Kabati ya nguo!

— Akili imemutoka, mumoja akasema. Mumushike mukono.

Miaka yote nimewadanganya ili wacheke. Siku nilisema kweli, wakaniletea maji.

Godelive alikuwa anatoka soko na kitunga cha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Alisikia jina la mutoto wake tangu njiani. Sambaza zikamwagika. Sauti iliyomutoka, sijui niiandike namna gani. Alikuwa ameikalia miaka mine.

Isidore alikuja mbio, akaapa ni kabati, akaapa hakuna habari yoyote iliyofika. Wamama wakanyamaza mumoja mumoja. Maman Jeanine akafunika uso.

— Utusamehe, mama Nathanaël. Tulikosea.

Godelive akapangusa pua. Akatazama mikeka, kuni, sufuria ya maharagi iliyokuwa tayari inachemka.

— Hakuna hata mumoja aliyeuliza kama ni kweli, akasema. Na hizi kuni zimekauka. Mulikuwa mumeziweka, munangojea.

Akanigeukia mimi.

— Na wewe, Maman, ulikuwa unangojea pia?

Mimi niko na jibu kwa kila kitu. Hata padri niliwahi kumujibu katikati ya mahubiri. Nikatafuta, nikatafuta. Nikatazama miguu yangu.

— Isidore, akasema Godelive, ule upande wa kulia, toa chuma. Weka etajere, mbao za kupangia. Za shuka.

— Maman Godelive, tungoje kwanza...

— Weka.

Wamama walibaki. Maharagi yalikuwa yameiva, nayo hayakukosea mutu. Tuliyakula yote. Jioni hakuna aliyerudi kwake na kuni zake.

Kabati iko pale kulwari, inameta, bawaba zake hazilii. Upande wa kulia kuna etajere ine. Shuka tuko nazo mbili, na zote ziko juu ya vitanda.