Jana Tutakwenda

Mshonaji alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, pini zimebanwa midomoni, akimpunguzia mwigizaji gauni. Gauni lenyewe lilikuwa la mshonaji mwenyewe, lile la kushindia nyumbani, la maua ya njano yaliyopauka mabegani. Mumewe, mwandishi wa tamthilia, ndiye aliyelitaka liende jukwaani.

"Dada, hapa kiunoni libane kidogo," alisema mwigizaji.

Mshonaji akatema pini kiganjani. "Nikilibana zaidi utapumulia wapi, mwenzangu?"

Mwigizaji akacheka. Kicheko kilikuwa cha mshonaji, kuanzia puani. Mwandishi alikuwa amemfundisha wiki nzima.

Ilipofika saa ya kuwasha taa, mtoto wa mshonaji akaja kama kawaida. Homa ilimuua mwaka juzi, na tangu hapo alikuja kila jioni, akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akachezea vipande vya vitambaa. Hakuwahi kutofautisha jana na kesho.

"Mama, jana tutakwenda kununua viatu?"

"Jana tutakwenda," alijibu mshonaji, kama alivyojibu siku zote. Alimsahihisha mara moja tu, hospitalini.

Mtoto akalitazama gauni, kisha akamtazama aliyelivaa.

"Na mimi hunisalimii?" mwigizaji aliuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

Mshonaji alijichoma pini, akanyonya kidole, akaendelea kushona.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, mtoto hakuja. Kigoda kikakaa kitupu Ijumaa, kikakaa kitupu na Jumamosi. Mumewe aliporudi, mshonaji akamwuliza kama amemwona.

"Yuko ukumbini," alisema mwandishi, akifungua kamba za viatu. "Anaingia sehemu ya pili. Maneno yote anayajua, wala hakumbushwi."

"Nani kampeleka?"

"Kaja mwenyewe. Nimemwandikia nafasi, mke wangu. Hapa nyumbani alikuwa anakaa tu."

Jumapili mshonaji alivaa nguo yake ya kutokea, akaenda. Pale jukwaani alikuta meza kama yake ya kushonea, kigoda mfano wa chake, na gauni lake likiwa limemkaa mwenzake vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye. Mtoto alikuwa amepakatwa, kichwa kimelala juu ya maua ya njano.

"Mama, jana tutakwenda kununua viatu?"

"Jana tutakwenda," alijibu mwigizaji.

Ukumbi mzima ukatoa leso. Mshonaji akasimama.

"Mwanangu, mimi huku!"

Mtoto alikinga macho kwa mkono, akatazama upande wa watu. Taa zilikuwa kali, hakuona kitu. Akarudisha kichwa kifuani.

"Dada, hebu kaa," aliyeketi kando yake alimnong'oneza, akimvuta mkono kwa upole. "Huoni yule mama pale amefiwa?"

Mshonaji akakaa.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, mwandishi alisukuma sahani pembeni. "Mwisho bado haujanikaa sawa. Siku ile hospitalini, mtoto alipouliza habari ya viatu, ulimjibu nini? Mimi nilikuwa nimetoka nje."

Mshonaji alimtazama. Gauni alishalitoa, na kicheko kilikwenda bila yeye kuombwa.

"Sikumbuki," alisema.

Mwandishi akarudia neno hilo taratibu, kama anayeonja chumvi. "Sikumbuki. Hapo hapo! Ahsante, mke wangu." Akanawa mikono, akaondoka haraka kwenda mazoezini.

Onyesho lililofuata, mwigizaji alisema "sikumbuki" huku mabega yakimshuka kama ya mshonaji. Watu walipiga makofi wamesimama, na mtoto akainamishwa kichwa, akashukuru.

Nyumbani mshonaji aliwasha taa. Akakifuta kigoda vumbi, akakivuta karibu na cherehani, kisha akalisema lile jibu kwa sauti ndogo, apate kuona kama bado lipo.

"Kesho, mwanangu. Si jana, ni kesho."

Lilikuwepo lote. Wa kulisikia alikuwa kazini.