Chumba cha Nne

Testi ya pili ya Baiolojia ilianza saa mbili asubuhi katika chuo kimoja cha afya kule Tabata, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wafa Haroub alikuwa ametoka hosteli Mabibo bila hata kunywa chai. Ya kwanza alishaanguka. Akianguka na hii anadisko, yaani anaondolewa chuo, anarudi Tandale kupima mchele dukani kwa baba yake, na ukunga alioutamani tangu utotoni ndiyo basi tena.

Swali la kwanza liliuliza moyo wa binadamu una vyumba vingapi.

Wafa alijua ni vinne. Alijua pia kuwa desa linasema vitatu. Desa ni yale maelezo ya kozi ambayo wanafunzi hutoa kopi ya kopi za waliowatangulia. Miaka ya nyuma kurasa zake zilidondoka stesheneri, zikachanganyika, na moyo wa chura ukahamia kwenye sura ya binadamu. Hakuna aliyejisumbua kuurudisha kwa wenyewe. Walimu nao husahihisha kwa desa hilohilo, na anayeandika lake huonekana ana kiburi.

Akiwa bado ameshika kalamu, moyo wake ulitoka kifuani ukakaa juu ya dawati, kando ya kitambulisho. Ulikuwa unaonekana hadi ndani, kama jeli, na damu ilipita katika vyumba vinne. Uliendelea kupiga.

Mwalimu Adelard, aliyekuwa anasimamia, aliuinua akaugeuza kuona kama umeandikwa majibu. Haukuwa umeandikwa. Akaurudisha taratibu, maana si mtu mbaya, ni mwoga tu.

"Wa kwako?"

"Wa kwangu, mwalimu. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu. Kisha akahesabu tena, akainama karibu na sikio lake.

"Nikikupa vema kwa vinne, wote waliomaliza hapa walifaulu kwa uongo. Wako kwenye zahanati huko, wanapima watu. Nani atawaita warudi?"

"Kwa hiyo mie niandikeje?"

"Andika desa."

Moyo ulianza kwenda mbio hadi dawati likatikisika. Marietha, wa dawati la jirani, aliomba utulizwe kidogo, unamchanganya. Wafa aliufunika kwa kiganja. Alikuwa na hasira, na aliogopa zaidi ya alivyokasirika. Aliandika vitatu.

Alifaulu. Moyo haukurudi kifuani, akawa anatembea nao kwenye hotipoti ndogo, na hosteli walishauzoea.

Mwaka uliofuata chuo, ambacho hakikuwa na vielelezo vya maabara, kilimwomba aulete kwa wanafunzi wapya. Mwalimu Adelard aliwaonyesha vyumba kwa ncha ya rula: kimoja, viwili, vitatu. Cha nne alikiziba kwa kidole gumba. Wanafunzi wakachora.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, Nusaiba, alikuwa amechora vinne. Aliuliza chini ya kidole kuna nini. Mwalimu akamtazama Wafa.

Wafa alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho. Moyo ulikuwa unagonga kidole cha mwalimu, na kila mtu aliusikia.

"Hicho hakimo kwenye testi, mdogo wangu," alisema.

Nusaiba akachukua kifutio, akafuta chumba cha nne.