Ufa wa Ardhi na Ufa wa Keekee

Mchimbaji aliingia kwenye banda la mawe akasimama nyuma ya binti yake kama mtu aliyeitwa shaurini. Mezani yalilala magogo ya mwamba, ya mviringo, unene wa mkono, yaliyotolewa na mtambo wake kwenye kisima cha gesi. Manne yalikuwa yamevunjika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshaandika ripoti?"

"Bado. Nayalowesha kwanza."

Wahenga walihimiza ufa uzibwe; watu wa gesi huomba upatikane. Nyufa zikiwa za ardhi, gesi ina njia, na kisima kitafunguliwa pale pale. Zikiwa za keekee, ile ncha ya mtambo inayotoboa, basi mzee mkono umemwisha, na msimamizi alishasema atampumzisha: akakae stoo, agawe glavu. Na wa kuamua ni mtoto aliyempakata mwenyewe.

"Sikia, mama," alisema. Alimwita hivyo tangu azaliwe, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Mtambo uliruka. Niliusikia mkononi, nikachelewa kupunguza nguvu. Yote manne nimeyavunja mimi. Andika hivyo, wasije wakasema umenibeba."

"Umekuja kukiri au kunifundisha kazi?"

"Vyote."

"Basi kaa. Unaniziba mwanga."

Akakaa. Binti alipitisha sifongo juu ya magogo, wakasubiri yakauke. Kisha akamsukumia lile la kwanza. "Unganisha."

Vipande viwili vilifumbana kama midomo ya mtu aliyenuna. Hata alama haikuonekana.

"Ufa mpya huo. Kingo kali, ndani hamna kitu."

"Si nilikwambia."

"Haya, la pili."

La pili lilikataa. Aligeuza huku, akageuza kule, halifungi. Akachungulia ndani. Upande mmoja ulitandwa na fuwele nyeupe, kama chumvi kwenye sufuria iliyokaukiwa na maji. Mwingine ulikuwa laini, una michirizi ya kwenda njia moja.

"Maji yalipita hapo kabla hata babu wa babu yako hajazaliwa, yakaacha hizo fuwele," binti alisema. "Na hapo mwamba ulisuguana na mwenzake. Keekee haioteshi fuwele kwa mchana mmoja, baba."

La tatu na la nne yalikuwa vivyo hivyo. Hata gogo lililofuata, ambalo lilikuwa zima, lilikuwa limekauka lote isipokuwa mstari mmoja mweusi wa maji yaliyonasa kwenye ufa mwembamba, umeinama kama nyufa za wenzake.

"Mtambo uliruka kwa sababu ulikuta ufa. Hukuvunja mlango. Ulibisha hodi ukakuta uko wazi."

Mzee alijikuna shavu. "Na lile la kwanza?"

"Lile lako."

Binti akalichora kwa chaki nyekundu, mbele ya macho ya baba yake, bila kumwonea haya. Matatu akayachora kwa buluu.

Msimamizi alipokuja, hakuamini maneno. Aliunganisha vipande mwenyewe, kimoja kimoja, akakwama kwenye vile vya buluu.

"Na hili jekundu?"

"La mzee," binti alisema.

Msimamizi alilirudisha mezani. "Mzee, kesho mtambo ukiruka, punguza mapema."

Kesho. Mchimbaji alishika lile neno hadi mlangoni, binti kamkamata mkono kama mtu anayevuka barabara.

"Ungeweza kulitia buluu lile."

"Ningeweza."

"Ningekuchapa."

"Najua, baba."