Kapu Libaki, Kuku Aondoke

Lavonne Stauffer alifika ukumbini siku ile akiwa amekwisha kukasirika, na wala hakuna aliyemkosea njiani. Hasira alitoka nayo nyumbani, kama mtu anavyotoka na mwavuli anapoona wingu. Alijua shemeji yake Verlin angesema nini, alijua angecheka vipi baada ya kusema, na majibu yake alikuwa ameyapanga tangu katikati ya wiki, huku akiosha vyombo na kuvigonganisha bila sababu.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa la Kilutheri, mjini Lima, Ohio, na mbele yake, ukivuka maegesho ya magari, kulikuwa na supamaketi. Mara moja kwa mwezi mashabiki wa Kisia Uchukue, kipindi cha televisheni cha kushindania zawadi, walikutana hapo, watu ishirini hivi, wengi wao wastaafu, wakila sandwichi za nyama ya nguruwe na saladi ya viazi na kubishana. Kipindi hicho kilikuwa hewani kila asubuhi kwa karibu miaka hamsini, na hapakuwa na kitu ndani yake ambacho hawajawahi kukigombania, kuanzia rangi ya pazia hadi meno ya mtangazaji mpya. Lakini safari hii walikuwa na la kugombania kweli. Watayarishaji walikuwa wametangaza kwamba michezo imezidi, na kwamba kati ya miwili iliyobaki tangu mwanzo wa kipindi, mmoja lazima uondolewe. Kila chama cha mashabiki kilitakiwa kutuma kura moja: Kapu la Wiki libaki, au Kuku wa Bahati abaki.

Kuku alikuwa kuku wa bati, mrefu kuliko mtu. Mchezaji anamvuta mkia, kuku anapiga kelele, anataga, na ndani ya yai mna ufunguo wa gari au hamna kitu. Basi, mchezo umekwisha. Kapu lilikuwa jambo jingine kabisa. Wanakuwekea mezani vitu vitano vya nyumbani, kila kimoja na kadi yake iliyolazwa kifudifudi. Unataja bei, mtangazaji anageuza kadi, watu wanaona. Ukikaribia bei ya kweli kwa vitu vitatu, umeshinda.

Kwa Lavonne huu haukuwa mchezo tu. Alilea watoto wanne kwa mshahara wa Dale, mumewe, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matairi kilichokuwa kikigoma kila walipozoea kula vizuri. Aliwalea kwa kujua bei. Alijua duka lipi linashusha siagi siku gani, na sabuni ipi ni maji matupu. Hakuna aliyempigia makofi kwa hilo, si Dale, si watoto, si mchungaji. Lakini kila asubuhi, wakati nguo ziko kwenye mashine, mwanamke kama yeye alisimama jukwaani akataja bei ya maharage ya kopo, na ukumbi mzima ukainuka kumshangilia. Na sasa watu wanataka kulitupa Kapu jalalani, wambakize kuku.

"Kapu limepitwa na wakati," Verlin alisema, mara tu Arlene, mwenyekiti wao, alipogonga kengele yake ndogo. "Mtu anasimama pale anaifikiria bei ya maharage mpaka nachoka. Naenda jikoni, narudi, bado anafikiria."

"Wewe ukienda jikoni unarudi na sahani mbili," Lavonne akasema. "Ndiyo maana unakawia."

Watu walicheka. Verlin naye alicheka, akalipapasa tumbo lake. Alikuwa kaka wa marehemu Dale, na alikuwa na kofia moja ya besiboli ambayo hakuivua hata kanisani.

"Shemeji, kuku ana raha. Unavuta mkia, yai hilo. Hata mtoto anaelewa."

"Ndiyo, na ndiyo sababu mnapatana. Hahitaji kichwa. Mtu kavuta mkia wa bati kapewa gari, na mwenzake aliyeendesha nyumba miaka yote anaambiwa anachelewesha kipindi."

"Usinirukie mimi. Sikumtengeneza kuku."

"Wewe ungetengeneza nini?"

"Lavonne," Arlene akasema, "tuongee kwa zamu."

"Zamu yangu haijaisha."

Verlin aliegemea mbele. "Haya, niambie. Nani siku hizi anajua bei? Bei inabadilika kabla hujafika kaunta. Wiki jana nimenunua kahawa nikadhani wamenipigia hesabu ya mtu wa nyuma yangu. Ule ni mchezo wa mama wa nyumbani wa zamani, na wenyewe hawapo tena."

"Mimi nipo."

"Upo, lakini hujui bei."

Lavonne aliweka kikombe chake chini taratibu, maana angekishika zaidi angekirusha.

"Mnalalamika kahawa, mnalalamika mayai," alisema. "Kila mwezi nakaa hapa nasikiliza kilio. Hamjui kununua, basi. Arlene, nimekwambia mara ngapi? Hujui kununua."

Arlene aliitazama kengele yake. Alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi, na mbele za watu.

"Kwenye kipindi juzi kahawa ilikuwa dola kumi na saba," Verlin akasema. "Ulitazama au ulilala?"

"Hizo ni bei za California, wanakorekodi kipindi. Kule hata kivuli wanakuuzia. Toa nusu, na kidogo zaidi, upate bei ya hapa. Hesabu hiyo nimeifanya miaka na miaka na haijanitupa."

Karibu na mlango alikaa Renee, binti wa mwisho wa Lavonne, aliyemleta kwa gari kama kawaida tangu mama yake afanyiwe upasuaji wa nyonga. Muda wote alikuwa anachezea simu. Sasa aliinua kichwa.

"Mama, si mpige kura tu?" alisema. "Saa zinakwenda."

Lakini Verlin alikuwa amekwisha kusimama, anaonyesha dirishani kwa kidole. "Supamaketi ile pale. Vitu vitano. Nafunika bei kwa kofia yangu, wewe unataja, mimi nainua. Ukipata vitatu, nalipigia Kapu kura, na mdomo naufunga mpaka Krismasi."

"Hata Krismasi usiufungue," Lavonne akasema, akatafuta koti lake.

"Mama, nje kuna barafu," Renee akasema. "Hiyo nyonga yako."

"Nyonga yangu haiulizwi bei."

Wakavuka maegesho wote, makoti hayajafungwa vifungo, theluji chafu imerundikwa pembeni. Arlene alikuja na kengele yake. Lavonne alitembelea fimbo na hakukubali kushikwa mkono. Miaka mitatu, tangu upasuaji, alikuwa hajaingia duka hilo. Kila Jumamosi alimpa Renee dola themanini ndani ya bahasha, na Renee alirudi na mifuko imejaa na chenji juu yake. Wakati vitu vinapangwa kabatini, Lavonne aliuliza bei ya kila kimoja, na Renee alijibu. Dola themanini na chenji inarudi. Nani mwingine kwenye chama kile angeweza?

Walianza na mayai. Verlin aliifunika bei ya rafuni kwa kofia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka watu waliona upara wake.

"Dola mbili na senti kumi," Lavonne alisema. Hakufikiria hata kidogo, ili Verlin asipate la kusema juu ya kukawia.

Verlin akainua kofia. Dola nne na senti themanini na tisa.

"Hayo ni ya wale kuku wanaolelewa kama watoto," Lavonne akasema.

"Ni ya kawaida, shemeji. Soma boksi."

Alilisoma boksi. Yalikuwa ya kawaida. Alisema duka lile siku zote lilikuwa la wezi, twendeni kwenye siagi. Kwa siagi alisema dola tatu, kofia ikainuka, ikawa sita kasoro senti moja. Kuna mtu nyuma alicheka kidogo, halafu akaacha. Lavonne hakugeuka kumtafuta. Masikio yake yalikuwa ya moto. Aliona dhahiri kwamba Verlin amefanya hila, ingawa hakuona ni hila gani.

"Kahawa," alisema. "Ile ya kopo kubwa, ninayokunywa."

Akaipata mwenyewe. Verlin akaweka kofia.

"Dola sita na nusu," Lavonne akasema, "na hiyo naijua, kwa sababu nimeuliza Jumamosi iliyopita."

Verlin hakuinua kofia. Alimtazama Renee. Renee alikuwa amesimama mwisho wa njia ile kati ya rafu, mikono ndani ya mifuko ya koti, uso umempauka.

"Tuishie hapa, shemeji," Verlin akasema, na sauti ya kejeli ilikuwa imemtoka. "Baridi imeniingia. Turudi tukale keki."

"Inua kofia."

"Lavonne."

"Inua kofia, Verlin."

Akaiinua. Dola kumi na sita na senti tisini na tisa.

Lavonne aliitazama bei ile kwa muda. Kwanza alilikasirikia duka. Halafu hasira yake ikatafuta njia nyingine, na ilipoipata ikawa kubwa kuliko yote aliyokuja nayo.

"Uliniambia sita na nusu," alisema, bila kugeuka.

"Mama, tuongee kwenye gari."

"Nilikuuliza unapanga kabatini. Umenipa mgongo. Ukasema sita na nusu."

"Ningekwambia kweli ungeacha kunywa kahawa."

"Ningeacha."

"Ndiyo hiyo sababu."

"Na siagi?"

Renee alisogeza kopo moja rafuni likae sawa na mengine.

"Na ile chenji uliyokuwa ukiniwekea mezani, ilikuwa chenji ya nani?"

"Mama, mimi nina kazi. Hainiumizi."

"Sikuuliza kama inakuumiza."

Watu walijifanya wanasoma makopo. Lavonne alisimama katikati yao, na alichokiona si bei. Alijiona mwenyewe akimwambia Arlene hujui kununua, mwezi baada ya mwezi, huku mtoto wake ameketi mlangoni anasikia na kunyamaza. Miaka mitatu alijiona hodari. Miaka mitatu alikuwa anachezeshwa kama mtoto anayeachiwa ashinde karata. Angekuwa na nguvu za zamani angeiangusha rafu yote ya kahawa. Kwa kuwa hakuwa nazo, alirudi ukumbini, na safari hii hakuna aliyethubutu hata kumsogelea amshike mkono.

Arlene aligonga kengele kwa woga. "Wanaotaka Kapu libaki."

Verlin ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, macho chini. Kisha mwingine, kisha mwingine, hata wale waliokuwa wamemtetea kuku tangu asubuhi, mpaka mikono yote ikawa juu.

"Shusheni," Lavonne akasema.

Hakuna aliyeshusha.

"Shusheni mikono. Sikuja hapa kuokotewa kura. Verlin, asubuhi yote ulikuwa upande wa kuku. Rudi kwa kuku wako."

Mikono ikashuka, mmoja mmoja. Lavonne alisimama kwa kushikilia meza.

"Mimi Kapu leo limenishinda. Kofia imeinuka mara tatu na mara tatu nimeonekana mjinga. Arlene, wewe unajua kununua. Asiyejua ni mimi. Lakini nawaambia kwa nini Kapu libaki. Pale jukwaani ukikosea, wanageuza kadi. Mbele ya watu wote wanaigeuza, unaiona bei, unaona aibu, unakwenda kukaa chini, na kesho unajua. Hakuna anayekuonea huruma akaiacha kadi imelala. Hilo tu. Sasa pigeni kura ya kweli."

Wakapiga. Kuku alishinda kwa tofauti ya kura mbili. Verlin alimpigia kuku bila kumtazama shemeji yake, na kwa hilo Lavonne alimheshimu kidogo, si sana.

Kwenye gari Renee hakuwasha redio. Walipita benki, walipita shule, wakasimama kwenye taa nyekundu wakati hakuna gari jingine barabarani.

"Bahasha nitaongeza," Lavonne akasema. "Na ikiwa haitoshi, kahawa haitanunuliwa, na wewe hutanunua kwa siri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua, Mama."

"Hujui. Utajua." Alikunja mikono juu ya mkoba wake, akatazama mbele. "Sabuni ya vyombo."

"Mama, tukifika nyumbani nitakuandikia zote."

"Sitaki kuandikiwa. Sabuni ya vyombo, Renee. Inua kofia."

Taa ikawa kijani. Renee aliendesha kidogo kwanza, mikono imeukaza usukani, kisha akaitaja bei, ile ya kweli, na senti zake. Lavonne aliirudia kimoyomoyo mpaka ikakaa.

"Mchele," akasema.