Dumu la Njano Nyuma ya Ghala

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba hapa hapa Nambis, na kilichobaki kichwani kwangu ni kusoma barua, kujumlisha, na vitendawili. Wajukuu wakifika wananidai vitendawili kabla hawajadai chakula. Hata jumuiya yetu ya sala, tukishamaliza kusali na chai imemiminwa, lazima mmoja aseme, haya bibi Genoveva, tega. Ndiyo maana kosa langu nililifanya kwa kitendawili. Ningekuwa mtu wa matusi, watu wangesema bibi amekasirika tu, wakasahau.

Gari alilinunua mwanangu Herman, ambaye ni mwalimu huko Tabora. Pikapu nyeupe, mpya kabisa, aliichukua kwa wakala mmoja wa Arusha ili tupeleke wenyewe vitunguu saumu na viazi sokoni. Kwenye karatasi za gari aliandika namba yangu ya simu, kwa sababu gari lingekaa kwangu, na yeye laini zake zinabadilika kila mwaka. Dereva tukamchukua Cornel, mtoto wa jirani yangu Konsolata.

Huyo Konsolata nilikaa naye dawati moja darasa la kwanza. Nilipougua baada ya kumzaa Herman na maziwa yakakata, yeye ndiye aliyemnyonyesha, Herman titi hili, na wa kwake titi lile. Nasema haya mapema ili ujue nilimfanyia nani.

Mwaka wa kwanza gari halikutusumbua. Mwaka wa pili, kiangazi kilipokolea, Cornel akaanza kuchelewa. Anasema limemzimikia kilimani kabla ya Dongobesh, likiwa limepakia viazi. Anakaa nusu saa, injini ikipoa linawaka lenyewe kama halijafanya kitu. Nilimuuliza mshale wa mafuta unasemaje, akasema nusu tenki, ila injini inazima kama imekosa mafuta. Fundi wa Dongobesh alisafisha chujio mara mbili na bado likazima. Halafu nikaona jambo jingine: mafuta yenyewe yalikuwa yanaisha haraka kuliko zamani. Safari ile ile, mzigo ule ule, lakini Ijumaa tenki limekauka.

Nikaanza kufikiri peke yangu, na kufikiri peke yako ni kubaya. Gari ni jipya, kwa hiyo haliwezi kuwa gonjwa. Mafuta hayana miguu. Basi yupo anayeyatoa.

Kuna kitu nilikuwa nimekisahau wakati nafikiri hivyo, au nilikiweka pembeni. Kabla ya Pasaka iliingia meseji kwenye simu yangu. Ilisema, ndugu mteja, gari lako linatakiwa kurudishwa kwa wakala libadilishiwe pampu ya mafuta bila malipo, piga namba hii. Bila malipo! Wakati huo matapeli wa simu walikuwa wamemkomba Evaline wa pale kanisani hela yote ya mahindi, na padre alikuwa ametuonya mimbarini tusijibu wala tusitume. Mimi nikajibu. Niliandika polepole, herufi moja moja: Mwizi wewe, gari njoo ulifuate mwenyewe, mbwa wangu wana njaa. Nikaenda kuwasimulia wanawake bombani. Tulicheka mpaka Konsolata akakaa chini juu ya ndoo yake. Zikaja meseji nyingine mbili za namna hiyo, nikazifuta.

Mwezi wa tisa nikaenda kwa Konsolata kuazima ungo. Hakuwepo. Nikazunguka nyuma ya ghala lake la mahindi, na hapo nikaona dumu la njano. Nilifungua kifuniko nikanusa. Petroli.

Ningeweza kuuliza. Cornel alikuwa analima shamba la mama yake, hatua mia moja kutoka pale, niliona shati lake. Sikuuliza. Nilirudi nyumbani bila ungo.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa Konsolata. Jumuiya yetu ina nyumba thelathini na mbili, kila Jumamosi tunasali kwenye nyumba moja, na zamu ikikufikia unawaandalia watu chai. Konsolata alikuwa amechemsha viazi na chai ya maziwa. Cornel alikuwepo, amekaa mlangoni. Mwenyekiti akasema kama kawaida, bibi, tega.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Nina ng'ombe wangu mweupe. Namnywesha maji hapa Nambis, akifika kilimani ana kiu. Ni nani anamkamua?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema ndama, mwingine akasema jua, mwingine akasema kupe. Nikawaambia wameshindwa, wanipe mji. Kwetu kitendawili kikiwashinda watu, wanakupa mji, unasema umekwenda huko na umekula nini, halafu ndipo unatoa jibu. Wakanipa Katesh.

"Nilikwenda Katesh," nikasema, "nikala nyama ya mnadani nikashiba. Njiani wakati wa kurudi nikapita nyuma ya ghala la Konsolata, nikaona dumu la njano. Nikalinusa."

Hakuna aliyecheka tena. Cornel alisimama, akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka kwenye kisosi changu, kando ya kikombe. Alisema neno moja tu, "Bibi," akatoka. Hakuniinulia sauti. Konsolata alikuwa ameshika birika. Nilidhani atanimwagia. Akaja mpaka nilipokaa, akanijazia kikombe mpaka juu, akaenda kwa mwingine. Nami nikainywa ile chai yote. Hadi leo nikiikumbuka, siyo maneno yanayonichoma, ni ile chai. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Habari ikatembea. Kuna mtu wa Dongobesh alikuwa ameshakubaliana na Cornel kumpa gari lake la abiria aliendeshe, akaghairi. Hakuna anayempa gari mtu aliyeitwa mnyonya mafuta mbele ya jumuiya nzima. Mwezi wa kumi Cornel aliondoka kwenda Mang'ola kuchimba vitunguu vya watu kwa kibarua. Herman alipopiga simu nilimwambia Cornel amepata kazi nyingine.

Desemba Herman alikuja likizo. Akasema tukamsalimie dada yangu Helena kule Nangwa. Tukafika Katesh salama, akajaza tenki mwenyewe pale sheli, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Tulipofika Jorodom, pale tope lililoporomoka mlimani lilipobomoa nyumba na watu wamejenga tena, gari likazima.

Herman akaliwasha, likakataa. Akashuka, akafungua boneti, akarudi kukaa. Mshale ulikuwa juu kabisa. Mafuta aliyaweka yeye, ufunguo alikuwa nao yeye, na kati ya sheli na pale hapakuwa na mtu wa kumkamua ng'ombe wangu. 

Akatokea dada mmoja kwenye nyumba ya jirani, akanipa shikamoo, akasema anaitwa Violeth, ni muuguzi. Akalizunguka gari akatikisa kichwa.

"Poleni. Na langu ni kama hili hili. Liko Arusha kwa wakala, mara ya tatu hii."

Herman akamuuliza lina nini.

"Pampu ya mafuta, kaka. Imetoka kiwandani na ubovu. Ikipata joto inagoma, ikipoa inafanya kazi. Wameyaita magari yote yarudi. Kwani nyie hamkupata meseji?"

Herman akanigeukia. "Mama, kuna meseji ilikuja?"

"Sijaiona," nikasema.

Nilisema hivyo nikiwa na miaka sitini na nane, rozari shingoni.

Baada ya sikukuu tukaenda Arusha. Ofisi ile ilikuwa imejaa wenye magari kama letu, na kila mmoja alikuwa na hasira yake. Mzee mmoja wa Babati alisema hiyo ni safari yake ya nne. Kila mara anaambiwa spea imefika, akifika yeye spea imeondoka. Mama mwingine alibadilishiwa pampu, likazima kabla hajafika kwake. Msichana wa mezani aliandika namba yetu kwenye kompyuta, akasema walitutumia taarifa mara tatu, na ya kwanza tuliijibu.

"Tulijibu nini?" Herman akauliza.

Msichana aliona aibu. Akasoma kwa sauti ndogo, lakini ofisi nzima ilikuwa imenyamaza. Alipofika kwenye mbwa wana njaa, mzee wa Babati alicheka mpaka akafuta macho, akaniambia nimemsemea na yeye. Wengine nao wakacheka. Nilitamani sakafu ile ya vigae ifunguke. Herman hakucheka. Tulipotoka nje akaniuliza taratibu, Cornel aliondoka kwa sababu gani hasa. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kwenye jua, mkoba kifuani.

Alinipokea mkoba akaushika yeye. Kisha akasema, "Mama, mama yake huyo ndiye aliyeninyonyesha."

Nikamwambia neno lililosemwa kwenye jumuiya linafutwa kwenye jumuiya, na nitalifuta. Ila nikaongeza: acha kwanza gari lipone, niende na ushahidi mkononi. Akakubali, nafikiri kwa kunihurumia.

Pampu haikuwepo. Wakatuambia tuliache gari palepale, watapiga simu. Januari ikapita. Februari nikapiga mimi, wakasema mzigo uko bandarini. Herman alikuwa anagomba nao kwenye simu kutoka Tabora, anasema hawa watu wanatuchezea, gari letu, ubovu wao, halafu sisi ndio wa kubembeleza. Mimi nilikuwa namwitikia, kweli mwanangu, ni wabaya. Lakini nikikata simu moyo wangu unatulia. Kila waliposema bado, nilipata wiki nyingine ya kutosema. Nilipita Jumamosi kwenye nyumba za watu nikisali na kutega vitendawili vya kuku na mayai, Konsolata amekaa mstari wa mbele, na nikawa namshukuru Mungu kwamba spea haijafika. Hiyo nayo niliiungama, na padre aliniuliza maswali mengi.

Pasaka ndipo walipobadilisha. Herman akaja, tukaenda pamoja kulichukua, tukapanda kuja nyumbani. Katikati ya kilima cha Magara likazima. Herman akashuka akaniita. Chini ya tenki palikuwa na unyevu, na harufu ya petroli ilikuwa kali. Alipowapigia, fundi wao akasema itakuwa ni mfuniko wa pampu juu ya tenki, raba yake haishiki, na magari mengine yalikuwa yanavuja hivyo hata kabla ya kubadilishiwa pampu, turudishe. Yaani mafuta yaliyokuwa yanaisha Ijumaa, yalikuwa yanadondoka barabarani tone kwa tone, na mimi nanusa dumu la watu.

Likavutwa kurudi Arusha. Na Jumamosi ya mwisho ya Aprili, nyumba thelathini na mbili zikawa zimekwisha, zamu ikarudi kwa Konsolata.

Nilifika nikiwa sina gari, sina pampu, sina karatasi yoyote ya kuonyesha. Tulisali. Konsolata akatoa viazi, akatoa vikombe. Safari hii ni yeye mwenyewe aliyesema, bila kuniangalia, "Haya Genoveva, tega."

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele yangu.

"Leo sina kitendawili," nikasema. "Mwezi wa tisa nilisema hapa kwamba Cornel ananyonya mafuta. Ni uongo. Gari lilikuwa bovu tangu kiwandani, na meseji ya kuniambia ilikuja kwangu tangu kabla ya Pasaka ile, nikaitukana. Nimejua ukweli tangu Desemba. Nimenyamaza miezi minne. Gari bado ni bovu hadi leo."

 Mwenyekiti aliangalia kofia yake. Konsolata aliweka birika chini, akatoa simu kwenye kanga, akapiga, akaweka sauti ya juu, akanishikisha.

"Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo, bibi," sauti ya Cornel ikasema. Nyuma yake nilisikia watu wakipakia magunia.

Ile marahaba haikutoka. Mtu anayekuamkia baada ya mambo yale, unamwitikiaje? Nikamwambia nilichowaambia watu. 

"Uko mbele yao?" akauliza.

"Niko mbele yao wote."

"Lile dumu nilinunua kwa hela yangu, bibi. Gari lilikuwa linazima na mshale uko nusu, nikadhani mshale unadanganya. Nilikuwa natembea na ya akiba ili mzigo wako usilale njiani."

"Ningekuuliza ungeniambia."

"Ningekuambia." Akamwambia mtu angoje na gunia. "Mwambie kaka Herman asikubali pampu peke yake. Waangalie na pale juu ya tenki, huku kuna gari kama lile linavuja hapo."

Nikamuuliza kama atarudi kuliendesha likipona. Akasema hapana, gari lile hatalishika tena, ila yule mtu wa Dongobesh, kama nitakwenda kwake kwa miguu yangu nikamweleza kama nilivyoeleza pale, atashukuru. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Mwenyekiti akasema atanisindikiza.

Konsolata akachukua simu yake, akaifunga tena kwenye kanga. Akainua birika, akaanza kumimina kwa wageni, mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho. Kwangu alijaza nusu kikombe akaacha.

"Nusu nyingine," akasema, "utakunywa siku ukitoka Dongobesh."

Nikashika kile kikombe kwa mikono miwili.