Siku Tisa za Bi Sindano

Nikutegee: nilipotoka mlango uliniandika, niliporudi ulisinzia. Ni nini? Usijikune kichwa, ni mpaka wa nchi, na aliyeponzwa nao ni Bi Sindano, fundi cherehani.

Alikwenda kwao, ng'ambo ya mpaka, kumzika mama yake, akarudi baada ya siku tisa. Kutoka aligongewa muhuri. Kurudi, foleni ilikuwa ndefu, askari wa mpakani akampungia mkono apite, naye akapita. Muhuri wake wa kuingia uliofuata ni wa safari nyingine, miezi saba baadaye, ambayo kutoka pia alipungiwa tu mkono. Sasa kaomba ukaazi wa kudumu kama mke wa raia, unaodai miaka mitano mfululizo nchini, na pasipoti inasema alikuwa nje miezi yote hiyo.

“Saini hapa kwamba umekubali ulikuwa nje,” karani wa uhamiaji alisema, akisukuma fomu. “Miaka yako mitano ianze kuhesabiwa upya. Unasaini, mama?”

Bi Sindano akatoa mkobani daftari la vipimo, limevimba kwa vipande vya vitambaa vilivyobanwa kwa pini.

“Nini hiki?”

“Miezi yangu saba, kaka. Kifua, kiuno, nyonga, tarehe. Na kila mteja anasaini pembeni, tangu mmoja alipojinenepea zake akanisingizia nimekata vibaya.”

Karani akacheka. “Viuno vya watu ndiyo ushahidi?”

Mumewe, aliyeketi kando yake, akamvuta mkono. “Mke wangu, tusimuudhi. Miaka mitano si mingi.”

“Si mingi kwako wewe usiyehesabiwa!”

Mume akanywea. Bi Sindano akamgeukia karani. “Namba za simu hizo hapo. Chagua mwenyewe, usije ukasema nimepanga.”

Karani akachagua moja ya mwezi wa tano, akapiga, akaweka sauti ya juu. Alipomtaja fundi tu, mwanamke akalipuka:

“Huyo! Kanipima mwenyewe wiki ya harusi ya mwanangu, mwezi wa tano, gauni likanibana makwapa hata vigelegele nilipiga mikono chini! Mwambie nalileta alifumue!”

Karani hakucheka tena. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Mwishowe akashusha pumzi.

“Mama, mimi nakuamini. Lakini mkubwa wangu anataka mihuri, hataki viuno. Saini tu, tumalize.”

Bi Sindano akairudisha ile fomu upande wa karani, kwa kidole kimoja.

“Sisaini. Mwite huyo mkubwa wako, na aje na kiti. Kurasa ni nyingi.”