Apite Bila Kupingwa

…apite bila kupingwa, eti, na makofi yanalia hata tonge sijameza, na pilau lenyewe katununulia yeye, ukumbi huu wa ghorofani, barabara ya Huanshi Zhonglu, kaulipia yeye, Kassian, mwenyekiti wetu wa umoja wa Watanzania hapa Guangzhou, China, mihula yake miwili imekwisha, katiba inasema basi, yeye anataka wa tatu, na kura ni ya kunyoosha mkono, ya wazi, ili aone nani kashiba chakula chake na hanyooshi… "Msomi wetu Loyce yuko hapa," anasema, ananielekezea kijiko, hana hata haya, "anasomea udaktari wa historia, anaandika juu ya Washington, rais wa kwanza wa Marekani, atawaambia, mzee alitaka kurudi shambani kwake, watu wakamwomba abaki, uongo, Loyce?"… si uongo, aliombwa, na mara zote mbili alipita bila kupingwa, lakini malizia basi, mbona humalizii, mara ya tatu alikataa, akafunga virago akarudi kwao Virginia, nilikusimulia mwenyewe juzi ulipokuja kunywa chai kwangu, umebeba nusu unayoitaka, khaa! Mama Melania, muuza nguo wa soko la Zhanxi, ananifinya paja, "Inuka mwanangu, usituaibishe, mkumbuke Dismas"… Dismas, kaka yangu, alianguka akafa katikati ya marobota ya vitambaa kule soko la Zhongda, na ni Kassian huyu huyu aliyeshinda mochwari, akabishana na kila dirisha mpaka mwili ukapanda ndege, mama akamzika mwanawe Songea, akamwona uso, hilo silisahau, Mungu anajua, lakini mbona analitoa kila mkutano, mbona kila aliyeketi humu ana maiti wake au mgonjwa wake au pasipoti yake iliyopita mikononi mwa huyu bwana… "Asante ya punda mateke, ndugu zangu, ila sisi si punda!" anasema Kassian, na wanacheka, wanacheka kweli, watu wazima… yaani hana shukrani, maneno hayo nimeyasoma wapi, ah, kwa Washington, muungwana huyo huyo ninayemsifu sura nzima ya tasnifu yangu kwa kujua kuondoka, alikuwa na msichana mtumwa aitwaye Ona Judge, akamtoroka pale Philadelphia wakubwa wakiwa mezani wanakula, na rais mzima akaandika kulalamika kwamba msichana hana shukrani, tulimlea kama mtoto, tulimlea! na kumbe watumwa wake alikuwa akiwarudisha Virginia kabla miezi sita haijatimia, ili sheria ya jimbo lile isiwape uhuru, halafu anadai shukrani, mshenzi, wote washenzi, na profesa anataka habari hiyo niiweke kwenye tanbihi… "Loyce, tunakusubiri, mama," anaita Kassian, na mikono imeanza kupanda, mmoja mmoja, wanatazamana kwanza, hata Mama Melania kainua wake na mwingine bado uko pajani kwangu, masikio yananiwaka, nilidhani nina deni, usiku kucha nimegeukageuka kitandani na deni hilo, deni gani, nilimpigia Kassian magoti mbele ya jeneza la kaka nikamwambia asante mpaka sauti ikakauka, naye akaipokea, akaniinua, akasema yamekwisha, basi yamekwisha, Kassian, ukifa wewe nitalia kuliko hawa wote, mkono wangu siunyooshi.